Ngozi Inalala Wapi

Dar es Salaam
4 Machi 2024

Dada Claudia,

Shikamoo. Natumaini hapo Nyakahura wote mko salama, na mgongo wa shemeji Habonimana umepoa. Mimi nilifika chuoni na vumbi la Biharamulo mpaka ndani ya masikio, na mwenzangu wa chumbani alinicheka siku mbili.

Bahasha hii ina fomu mia moja na ishirini. Zile wiki mbili nilizokaa kwako Januari tulizijaribu pamoja, kwa hiyo sina la kukufundisha. Kila kaya fomu moja: watu wangapi, paa la nini, ng'ombe wangapi wako nyumbani, na mwaka jana walipunguza chakula miezi mingapi. Ukimaliza zifunge kamba, uwape watu wa basi, na barua yako uitie humo humo. Simu yako naijua, mpaka upande kilimani ndipo nisikie nusu ya sentensi.

Nisamehe kwa kukuchosha. Hii shahada ya uzamili ni ya umaskini na maendeleo, na swali langu mimi ni moja tu: tukisema kaya fulani ni maskini, tumejuaje? Septemba tasnifu iwe mezani. Ikiwa mbovu narudi nyumbani Mbuba kwenye migomba bila cheti, na ukoo mzima unajua nilikwenda kufuata nini. Ukurasa wa kwanza nimeshauandika. Nimesema mimi ni mtoto wa kaya isiyo na hata mbuzi, na kwamba wakati umefika sisi tunaohesabiwa tushike kalamu.

Unajua ni baba aliyeniambia nije kwako. Alisema, "Usihangaike na wakubwa wa kijiji. Nenda kwa Claudia, nilimfundisha katekisimu, yule hajui kusema uongo." Nami nakutegemea kwa maneno yake hayo.

Mdogo wako,
Tecla Pancras


Nyakahura
29 Machi 2024

Mdogo wangu Tecla,

Marahaba. Fomu hizi hapa, mia moja na ishirini, hakuna iliyolowa ingawa mvua imenipiga mara tatu. Shemeji yako mgongo umepona, sasa anaumwa goti. Akimaliza goti sijui atahamia wapi.

Watu wamenipokea vizuri, isipokuwa mzee mmoja wa kule bondeni. Aliniuliza kama serikali inaleta ng'ombe au inachukua ng'ombe. Nikamwambia haileti wala haichukui, inauliza tu. Akasema hiyo ndiyo mbaya kuliko zote, akaingia ndani. Nilimsubiri mpaka akatoka, kwa sababu choo kiko nje.

Nimeandika kama ulivyoagiza. Fomu inauliza ng'ombe wangapi wako nyumbani, na mimi nimeandika walio nyumbani. Wengi nimewaona kwa macho yangu. Sikuongeza neno na sikupunguza.

Watoto wanakusalimu. Ng'ombe wa hapa kwetu amezaa tena, jike, na wanasema siku ukija wataficha maziwa maana walikuona ulivyo.

Dada yako,
Claudia Nimpaye


Dar es Salaam
22 Aprili 2024

Dada Claudia,

Shikamoo. Leo naandika nikiwa na hasira, na nimeona nisizifiche.

Nimeingiza fomu zote kwenye kompyuta. Katika kaya mia moja na ishirini, sitini na nne zina ng'ombe. Kwa vitabu vyote nilivyosoma, hizo ndizo kaya zenye nafuu. Lakini kwenye fomu zako kaya zenye ng'ombe zimelala njaa kuliko zisizo na ng'ombe. Mwenye ng'ombe wanne amepunguza chakula miezi mitano. Asiye na hata kuku amekula mwaka mzima, na watoto wake wawili wako sekondari ya bweni.

Msimamizi wangu alizisoma mbele yangu, akavua miwani. Akasema, "Ama umegundua jambo ambalo hakuna aliyeligundua, ama mtu wako alikaa gulioni akazijaza zote kwa siku moja." Akanipa hadi katikati ya Juni nithibitishe. Nisipothibitisha atapeleka jina langu kwenye kamati kwa kosa la kupika takwimu, na mtu wa kosa hilo anafukuzwa.

Nakuuliza kama ninavyomuuliza mtu mzima ninayemheshimu. Uliingia kwenye nyumba zile, au ulizijaza barabarani ukiwa unauza ndizi zako?

Tecla


Nyakahura
3 Mei 2024

Tecla,

Barua yako niliisomea barabarani, nikaacha wateja. Nilitaka nisikujibu. Halafu nikaona nikinyamaza utadhani ni kweli.

Niliingia nyumba zote. Nyumba ya themanini na sita mbwa alinirarua kitenge, na kitenge hicho kipo, njoo ukione. Mimi nimezaliwa huku, wazazi wangu walikuja kutoka Burundi na godoro moja, na tangu nikiwa mtoto watu wananiangalia mikono kama nimeiba. Sikutegemea wewe uwe mmoja wao, tena uliyelala kwenye kitanda cha wanangu.

Sasa nikwambie, wewe uliyesoma. Fomu zangu ni safi. Swali lako ndilo bovu. Uliuliza ng'ombe wangapi wako nyumbani. Hukuuliza ni wa nani.

Hata wewe, mtoto wa Mbuba, hujui kuragiza? Mwenye ng'ombe wengi hawaweki kwake. Anawatawanya, huyu mmoja kule, wale wawili huku, mbali na macho ya majirani na ya wezi na ya ndugu wenye shida. Anayetunza anapata maziwa na mbolea. Ng'ombe akizaa mara ya tatu, ndama huyo huwa wa mtunzaji, kama mwenyewe ana moyo. Ng'ombe akiuzwa, mtunzaji haoni kitu. Kwa hiyo unamkuta mtu na ng'ombe wanne uani na njaa jikoni, na mwenye hao wanne anakaa kwenye nyumba ya nyasi mahali pengine, anakwambia hana hata mkia.

Na usifikiri ukimuuliza atasema. Mtunzaji akitaja jina la mwenye mali, kesho yake mwenyewe anakuja na kamba kumchukua ng'ombe. Wote watakujibu, "Ni wangu." Walinijibu hivyo huku wakinitazama, wanajua kwamba najua, na mimi nikaandika.

Lakini kuna swali moja wanaloweza kulijibu bila kumtaja mtu. Ng'ombe wa kuwekewa akifa, ngozi ni lazima ipelekwe kwa mwenyewe aione, ajue hukumuuza ukasema amekufa. Uliza hivi: "Ng'ombe huyu akifa, ngozi italala hapa au itaondoka?" Hapo hapana jina, hapana ugomvi, na hakuna mfugaji atakayekosa jibu. Na kwa wale wasio na ng'ombe uliza hivi: "Imewahi kuingia hapa ngozi iliyotoka mbali?"

Ukitaka nirudi kwenye nyumba zote, nitarudi. Lakini kwanza uombe radhi.

Claudia


Dar es Salaam
9 Mei 2024

Dada Claudia,

Shikamoo, na naomba radhi. Nimeiandika mara nne barua hii na kila mara nilikuwa najitetea, kwa hiyo nimefuta yote nikabakiza hilo. Nilikukosea, na nilikukosea mahali ambapo wengine wamekuwa wakikukosea siku zote. Naona aibu.

Swali lako nilimsomea msimamizi wangu. Aliniomba nilirudie, akaliandika kwenye kiganja cha mkono wake kwa sababu hakuwa na karatasi karibu. Kisha akasema, "Rudini nyumba zote."

Fomu mpya ni hizi. Zina maswali mawili tu, yote ni yako.

Mdogo wako,
Tecla


Nyakahura
3 Juni 2024

Mdogo wangu Tecla,

Marahaba, nimekusamehe. Shemeji yako alisema nikuweke mwezi mmoja kwanza, lakini huyo ana goti, hasira zake si za kufuata.

Nimezunguka tena mia na ishirini. Safari hii watu walicheka. Unawauliza ng'ombe wangapi wanakunja uso, unawauliza ngozi inalala wapi wanakaa kitako. Katika zile sitini na nne zenye ng'ombe, thelathini na tisa walisema ngozi itaondoka. Katika zile zisizo na ng'ombe, tisa walisema ndiyo, ngozi zimewahi kuingia. Mmoja aliingia ndani akanionyesha, amezikunja kama mikeka. Ni yule mzee wa bondeni.

Kuna jambo ambalo sijakwambia, na limenikaa kifuani tangu Januari. Fomu ya nyumba yangu nimeiweka chini kabisa. Nilijiuliza mwenyewe swali langu mwenyewe na nikajijibu kwa ukweli. Pembeni nimeongeza maneno ambayo hukuniuliza. Isome ukiwa umekaa, na usiniletee hasira zako, zipeleke zinakostahili.

Nikimpoteza ng'ombe kwa ajili ya maneno hayo, basi. Nilichoka kukuona unakunywa maziwa yale huku unanishukuru mimi.

Dada yako,
Claudia


Dar es Salaam
12 Juni 2024

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mwambie mama namsalimu.

Mbele yangu ipo fomu ya Claudia Nimpaye wa Nyakahura. Ng'ombe wawili na ndama. Ngozi itaondoka. Na pembeni, kwa mwandiko wake: "Inakwenda Mbuba, kwa Katekista Pancras. Tangu mwaka wa tano wa ndoa yangu nimempelekea ngozi tatu, na ng'ombe wake amezaa kwangu mara tano."

Ngozi tatu ninazikumbuka, baba. Na nyingine zaidi ya hizo, ambazo sijui zilitoka kwa nani. Zilikuwa zinakuja kwa basi zimekauka, na ulikuwa unatuambia ni za kuwambia ngoma za parokia. Mimi na mama tulikuwa tunazianika. Kanisa letu lina ngoma mbili. Zile ngozi zingetosha jimbo zima, na hakuna kati yetu aliyewahi kuuliza, kwa sababu ni wewe uliyesema.

Nina hasira na wewe. Mpaka nimalize darasa la saba nilikuwa nakunywa uji mtupu, na watoto wa Claudia walikuwa wanakunywa maziwa ya ng'ombe wako. Siwaonei wivu, walistahili. Lakini mimi nimesoma umaskini miaka miwili kwa sababu nilidhani nimeuonja. Ukurasa wangu wa kwanza leo nimeuchana.

Sikuombi ruhusa, nakuarifu. Kaya yetu itaingia kwenye tasnifu, bila jina. Nikiulizwa nimejuaje kwamba wenye nacho wanaonekana hawana, nitasema ukweli. Na Claudia usimfuate na kamba. Ng'ombe wako amezaa kwake mara tano. Ule uzao wa tatu ulikwenda wapi?

Mwanao,
Tecla


Mbuba
26 Juni 2024

Kwa binti yangu Tecla,

Tumsifu Yesu Kristo. Barua yako nimeipata na nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa shambani ili mama yako asinione uso.

Sikuwahi kusema uongo kwenye fomu. Kila aliyekuja aliniuliza nina ng'ombe wangapi hapa nyumbani, nami nilijibu hakuna, na hakuna aliyewaona hapa. Naandika hivyo na ninajua hutaridhika. Hata mimi nikiisoma hairidhishi.

Nilianza mwaka 1994. Kambi ya wakimbizi ya Lukole ilikuwa imejaa watu kuliko nilivyowahi kuona maishani, na wezi wa mifugo wakapata pa kujifichia, wa kwetu kwa wa mbali. Nilikuwa na wawili. Nikawapeleka kwa watu niliowaamini, nikasema mambo yakitulia nitawarudisha. Yalitulia. Lakini nilikuwa nimeona raha ya kuwa mtu asiyeombwa. Ndugu walipita mlango wangu wakaenda kwa wengine. Nikasema bado kidogo, na miaka ikaenda. Sasa wako kumi na mmoja katika nyumba sita.

Ada yako ya kidato cha kwanza haikuwa mkopo wa ushirika. Alikuwa fahali mwekundu. Sisemi hivyo unishukuru.

Mama yako hajui. Nakuomba usimwambie, nitamwambia mwenyewe nikipata namna. Na Claudia mwambie alale salama.

Baba yako,
Pancras


Dar es Salaam
18 Oktoba 2024

Dada yangu Claudia,

Shikamoo. Keti, mwite shemeji na goti lake, msomee kwa sauti. Nimefaulu.

Jana nilitetea tasnifu mbele ya watu wanne. Nilisoma kwenye karatasi mpaka nilipofika kwenye swali la ngozi, hapo nikaiweka chini. Nikawaonyesha picha ya kwanza: ukihesabu ng'ombe walio uani, Nyakahura ni mahali ambapo wenye mali wana njaa na wasio nacho wameshiba. Kisha ya pili: ukifuata ngozi, kila kitu kinakaa sawa, na tofauti kati ya walio juu na walio chini ni mara mbili ya ilivyokuwa kwenye fomu ya kwanza. Halafu nikawaambia kwamba mtu akitumia fomu ya kwanza kugawa misaada, atawanyima watunzaji na kuwapa wenye ng'ombe.

Profesa mmoja mzee, mkali, ambaye hajampa mtu alama nzuri tangu nifike chuoni, aliuliza, "Hao tisa wasio na ng'ombe lakini wana ngozi. Utajuaje kwamba hawakukuchezea?" Nikamwambia, "Kwa sababu baba yangu ni mtu wa namna hiyo. Nimekulia katika kaya ambayo kila fomu iliandika sifuri, na mimi mwenyewe niliamini ile sifuri mpaka Juni mwaka huu." Yule profesa akaanza kucheka taratibu, akasema na babu yake alikuwa hivyo hivyo.

Walinitoa nje. Waliponiita ndani walisema hakuna cha kusahihisha ila nukta mbili tatu. Kisha wakauliza lile swali nimelitoa kitabu gani. Nikasema halina kitabu, ni la Claudia Nimpaye, mkulima na muuza ndizi wa Nyakahura, aliyeishia darasa la saba. Msimamizi wangu akasema makala itakapochapishwa jina lako liwe pembeni ya langu, na mhadhiri mwingine ameomba kulipeleka swali lako Dodoma kwenye utafiti wake, kwa ruhusa yako. Nimewaambia nitakuuliza. Walikubali kusubiri, Dada. Watu wanne wenye udaktari wanasubiri jibu lako.

Nilitoka nje nikalia kwa furaha, nikajipangusa, nikalia tena. Baba hajaniandikia tangu Juni.

Mdogo wako,
Tecla Pancras, sasa msomi


Mbuba
10 Novemba 2024

Mwanangu Tecla,

Siku zote baba yako ndiye anayeandika na mimi natuma salamu chini. Leo ni yeye ameandika salamu, utaziona chini. Mimi nina habari.

Tulipopata ujumbe wako kwamba umefaulu, nilipiga vigelegele mpaka jirani Rozalia akaja na mwiko mkononi akidhani kuna msiba umegeuka harusi. Nikapika, watu wakala. Walipoondoka baba yako akasema kuna safari ya Nyakahura. Nikasema kufuata nini. Akasema utaona. Njiani ndani ya basi akaniambia yote, abiria wakisikiliza, maana aliogopa kuniambia tukiwa wawili.

Nilihesabu vituo vya basi mpaka tulipofika. Claudia alipotuona alijua tumekuja kuchukua ng'ombe, akaanza kuifungua kamba mwenyewe. Hapo ndipo nilipoanza kusema. Niliwaita majirani zake, nikamwambia Katekista asimame katikati, aseme mbele yao ndama wa uzao wa tatu ni wa nani. Alishauzwa zamani, kwa hiyo nikachagua mimi: yule jike wa mwaka huu na mama yake, wote wawili. Baba yako akasema ni wa Claudia. Nikamwambia sauti haikufika nyuma. Akarudia. Mwenyekiti wa kijiji akaandika, tukatia sahihi, na mimi nimetia.

Claudia alinishika akalia, nami nikalia, halafu tukala ndizi. Ni mwanamke mzuri. Amesema hao wa Dodoma walichukue swali, lakini watume picha ya ng'ombe wa huko.

Yule wa tatu tulirudi naye Mbuba. Sasa kila mtu anajua. Wiki hii baba yako ameombwa michango ya harusi tatu na bati za kigango, na ametoa, kwa sababu mimi nimekaa pembeni yake namtazama. Jana alisema kwamba analala vizuri kuliko miaka mingi.

Wamebaki wanane katika nyumba tano. Nimemwambia nataka kuwaona wote. Tunakwenda nyumba moja kila juma baada ya misa, yeye mbele na mimi nyuma. Tukifika anasema mbele ya wenyeji, "Huyu ni mke wangu Bernadetha, na huyu ni ng'ombe wake." Nimemfundisha aseme hivyo. Juma lililopita alisema bila kukumbushwa.

Mama yako,
Bernadetha

Nami nakusalimu, binti yangu. Hongera sana. — Pancras